Soko la kwenye waya: kutoka Kamanyola hadi Kalundu

Katika mikutano ya mitaa mmeuliza mara nyingi: tangu MONUSCO waondoke Kivu Kusini, wale mama waliokuwa wakiuza na kufua karibu na kambi zao wanaishi namna gani? Swali hili linatugusa mfukoni. Katika sanduku la likelemba yetu kuna madeni ya wanachama waliochukua mkopo wakati walipokuwa na wateja wa kambi, na leo wateja hao hawapo. Kabla ya mkutano wa kuamua juu ya madeni hayo, chama kilitutuma watu watatu, walimu wawili na mshonaji mmoja. Tulipewa kazi ya kupita bonde la Ruzizi wakati wa likizo ya mwezi wa 8, kuangalia, kusikiliza na kuandika. Taarifa yetu ni hii.

Tukumbushane kwanza tarehe, kwa sababu vijana wengi wamezaliwa wakiikuta kambi na wakadhani ilikuwepo siku zote. Umoja wa Mataifa uliunda ujumbe wake wa Kongo, MONUC, mwezi wa 11 mwaka 1999. Tarehe 1 Julai 2010 jina likabadilika kuwa MONUSCO. Hapa kwetu askari wengi walikuwa Wapakistani, nao walibadilishana zamu mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa 12 mwaka 2023 Baraza la Usalama lilikubali kwamba waanze kuondoka, na Kivu Kusini ikawa ya kwanza. Mwisho wa mwezi wa 6 mwaka 2024 kazi yao katika mkoa wetu ilikwisha. Mtoto aliyezaliwa walipofika angekuwa amemaliza sekondari.

Tulitoka Uvira alfajiri kwa teksi-basi, tukapanda moja kwa moja hadi Kamanyola ili tuanzie kule juu, kisha turudi polepole tukisimama njiani. Ilikuwa kiangazi. Vumbi la barabara liliingia hata ndani ya vitenge tulivyojifunika.

Kamanyola ni mji unaojua askari. Vita vya mwaka 1964 vilipita hapo, na baadaye Mobutu akaipa jina hilo divisheni ya jeshi lake na hata uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, ambao leo unaitwa uwanja wa Mashahidi. Ni hapo pia ambapo MONUSCO walikabidhi kambi ya kwanza, tarehe 28 Februari 2024. Bendera ya Umoja wa Mataifa na ya Pakistani ziliteremshwa, ya Kongo ikapandishwa, na kambi ikapewa polisi wa taifa. Mkuu wa MONUSCO wa wakati huo, Mama Bintou Keita wa Guinea, alikuwepo.

Watu wa Kamanyola hawajasahau kwamba waya wa kambi ile uliwahi kuwa kimbilio. Mwezi wa 9 mwaka 2017 wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30 waliuawa kwa risasi katika mji huo. Waliobaki walikaa karibu na kambi ya MONUSCO kwa miezi, wakiogopa kwenda mahali pengine, hadi walipovuka kwenda Rwanda mwaka 2018. Mama mmoja muuza ndizi alituambia kwamba siku zile aliuza kwa wakimbizi na kwa askari pande zote mbili za waya uleule. Tukamuuliza kama kuondoka kwa kambi kumemwangusha. Akacheka. “Mimi niko na soko la mpaka,” alisema. “Bugarama iko hapo ng'ambo. Askari walikuwa kitoweo, ugali wangu ulikuwa mpakani.”

Neno hilo tuliliandika, kwa sababu kila tuliposhuka tulikutana na watu ambao kwao kambi ilikuwa ugali wenyewe.

Tukapita Luvungi na Bwegera, tukafika Luberizi, ambako jeshi letu la FARDC lilikuwa na kambi ya tangu zamani. Hapa jirani wa kambi anaishi maisha mengine. Askari wa MONUSCO alikuja peke yake na kurudi kwao baada ya zamu. Askari wetu anakuja na mke, watoto, sufuria na kuku. Mke wa askari anakodi shamba la muhogo, anauza makala, anajiunga na kwaya ya kanisa, anazaa katika kituo cha afya kilekile tunachozalia sisi. Watoto wake wanaingia darasani kwetu katikati ya mwaka wakiongea Lingala, lugha ya jeshi, na baada ya miezi 3 wanatukana kwa Kiswahili cha Uvira kama wenzao. Halafu baba anahamishwa, kiti kinabaki wazi. Wauzaji wanaomkopesha askari wanajua kwamba mshahara ukichelewa deni linarefuka, na amri ya kuhama ikija usiku deni linaondoka na lori. Lakini mke wa askari hukopa na pia hukopesha. Ni mwanachama. Tulikuta vikundi vya akiba ambamo wake za askari na wake za wakulima wanaweka pesa katika sanduku moja lenye funguo 3. Hatukukuta kikundi cha namna hiyo kwenye waya wa kambi za wageni.

Kutoka hapo si mbali na Mutarule. Hatuwezi kuandika juu ya kambi na majirani zake tukaruka Mutarule. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa huko, wengi wao wanawake na watoto, na wengine walikuwa kanisani. Askari wa MONUSCO walikuwa Sange, kilomita kama 9 tu. Hawakufika kuzuia. Mama waliotupokea hawakulia mbele yetu na hawakupandisha sauti. Walisema tu kwamba tangu usiku ule walijua tofauti kati ya kuuzia kambi na kulindwa na kambi. Kumuuzia askari nyanya kila asubuhi hakumfanyi aje usiku.

Na hata hivyo, Sange yenyewe, mahali palepale askari wale walipokaa, ina kumbukumbu nyingine. Tarehe 2 Julai 2010, siku ya pili ya jina la MONUSCO, lori la mafuta lilianguka katikati ya mji, mafuta yakamwagika, moto ukalipuka. Watu zaidi ya 230 walikufa, wengi wakiwa katika vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Askari wa Pakistani walikuwa kati ya waliobeba majeruhi, na helikopta za MONUSCO ziliwapeleka hospitali. Katika Sange mtu mmoja anaweza kukusimulia mambo haya mawili kwa pumzi moja, la 2010 na la 2014, na hasemi kwamba moja linafuta lingine.

Sange ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, tukisimuliwa habari za soko la kwenye waya. Lilianza asubuhi mapema. Mama walisimama upande wa barabara na ndizi, nyanya, vitunguu, mayai na maziwa. Mbuzi walitafutwa zaidi sikukuu ya Waislamu ilipokaribia, na mwenye mbuzi aliyejua kalenda hiyo alipanga bei mapema. Wengine walifua nguo, wengine walifagia kwa kazi ya siku. Vijana walijifunza Kiurdu cha kutosha kuwa wakalimani.

Na hapa, kama walimu, tulifurahi. Mama ambaye hakumaliza darasa la 4 alituhesabia maneno ambayo hakuhitaji kufundishwa, kwa sababu yeye na askari walikuwa nayo tayari. Kiurdu kinasema *chai*, nasi chai. *Sabun*, sabuni. *Kitab*, kitabu. *Duniya*, dunia. *Rang*, rangi. *Gari*, gari. *Dukan*, duka. Maneno hayo yalitoka Uarabuni, Uajemi na India, yakafika Pakistani kwa njia yake na kwetu kwa njia ya pwani na misafara, yakaja kukutana kwenye waya wa Sange. Neno alilolitumia zaidi ni *hisab*. Askari akisema *hisab*, mama alijua anaulizwa hesabu, na alianza kuhesabu vidoleni.

Basi nasi tufanye hesabu hiyo. Watu wengi wa bonde waliamini kwamba pesa nyingi za MONUSCO ziliingia katika soko letu. Ziliingia kidogo. Chakula cha askari kililetwa na kampuni kubwa kwa mikataba ya kimataifa: mchele, unga, hata maji ya chupa. Kwa kila askari Umoja wa Mataifa hulipa serikali ya nchi yake, na kiwango kilichoanza mwaka 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa mwezi. Pesa hiyo haikupita Sange. Askari mwenyewe aliwekewa na Umoja wa Mataifa posho ya mfukoni ya dola 1.28 kwa siku, mbali na mshahara wa kwao. Ni katika posho kama hiyo, na katika malipo ya kazi ndogondogo, ambamo ndizi zetu na sabuni ya kufulia zilinunuliwa. Kwa mama anayelisha watoto 6, hata hiyo ilikuwa kitu kikubwa. Ililipa minerval, ilinunua mabati. Lakini ilikuwa mfereji mwembamba kutoka ziwa kubwa, na mkono wa kufunga bomba ulikuwa New York.

Walioumia zaidi, kwa tulivyoona, ni waliokuwa na mteja mmoja tu. Mama wa maziwa alinunua ng'ombe wa pili kwa mkopo mwaka mmoja kabla ya kufungwa. Mama wa kufua alikodi nyumba yenye bomba ili afue nyingi. Waliambiwa habari ya kuondoka na redio, kama sisi sote, na kodi ya nyumba haikusikia redio. Walioumia kidogo ni waliobaki na kitu mikononi. Wapo waliosoma kushona au kompyuta katika kozi zilizoungwa mkono na askari wale. Mshonaji tuliyesafiri naye alishika mshono wa mmoja wao, akauvuta, akasema ni mzuri. Mama huyo leo anashona sare za shule, na wateja wake hawahami kwa zamu.

Kuna jambo jingine ambalo mama walisema kwa sauti ya chini, baada ya vijana kuondolewa. Ni la watoto waliozaliwa na baba wa kambi. Mambo haya yalijulikana katika Kongo nzima. Tangu mwaka 2003 kanuni ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa inakataza kabisa kutoa pesa, kazi, chakula au kitu chochote ili kupata mwili wa mtu, na inakataza kumgusa aliye chini ya miaka 18, hata kama askari atasema hakujua umri wake. Mwaka 2016 ulianzishwa mfuko wa kusaidia waathirika. Hata hivyo, baba akisharudi nchini kwake, kumfuata ni kazi ya serikali mbili na ya miaka mingi. Mtoto yuko hapa sasa, uwanjani wenzake wanamwita kwa jina la nchi ambayo hajawahi kuiona.

Kwa hiyo tunaandika yale ambayo mama anaweza kuyafanya bila kungoja mtu. Kwanza, sheria ya uraia ya mwaka 2004 inasema kwamba mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkongomani, ni Mkongomani. Mama anatosha. Pili, kuzaliwa kwake kuandikishwe katika ofisi ya etasivili ndani ya siku 90, na mama mwenyewe ana haki ya kwenda kutangaza. Siku 90 zikipita, bado kuna njia ya mahakama ya watoto, ingawa ni ndefu zaidi. Tatu, na hili tunawaambia walimu wenzetu, jina la utani linalomtenga mtoto lisimamishwe siku ya kwanza linaposikika darasani. Mtoto hakuchagua kambi.

Kutoka Sange tulishuka hadi Kiliba. Wazee wa hapo walipotusikia tukiulizia kambi, walituonyesha kiwanda cha sukari. Sucki ilianza wakati wa Wabelgiji, na kwa miaka mingi Kiliba nzima ilikula kwa king'ora chake: kazi, nyumba, zahanati, mpira. Vita vya 1996 vikaisimamisha. “Nyinyi mnalilia kambi ya miaka 20,” mzee mmoja alituambia, “sisi tulizika kiwanda.” Tukauliza waliishi vipi. Wake zao ndio walioanza, akasema. Walilima muhogo na mahindi pale palipokuwa na miwa, wakasafirisha hadi Uvira na mpakani. Ilichukua miaka, na wengi hawakurudi walipokuwa.

Kavimvira na mjini Uvira mnakujua wenyewe. Mwezi wa 7 mwaka 2022 hasira juu ya MONUSCO ilifika katika barabara zetu, na watu 4 walikufa hapa mjini walipoangukiwa na waya wa umeme wakati wa maandamano. Kati ya walioandamana walikuwepo watoto wa mama waliouza kambini. Nyumba moja iliweza kuwa na mama aliyefua nguo za askari na kijana aliyepiga kelele waondoke, na wote wawili walikuwa na sababu.

Tulimaliza Kalundu, karibu na bandari. Ziwa lilikuwa limepanda mwaka huo hadi ndani ya nyumba, kuta zikisimama majini, na wanaouza ndagala wamehamishia meza zao juu kidogo. Hapo tulikaa kuandika tuliyoyaona, na hapo ndipo tulipobishana. Mwenzetu mmoja alisema chama kiseme wazi kwamba mwanachama asitegemee tena kambi. Mama muuza samaki aliyetusikia akaingilia: “Nyinyi mwalimu mna mshahara, hata ukichelewa. Mimi anayenunua ni mteja wangu, awe na bunduki au asiwe nayo.” Ana haki. Kambi hazitakwisha bondeni. FARDC walikuwepo, na mwezi wa 8 mwaka 2022 askari wa Burundi pia waliingia kwa makubaliano ya nchi mbili. Penye askari patakuwa na anayeuza. Kuwakataza mama kuuza ni kuwaambia walale njaa kwa heshima.

Tunaloleta mbele ya mkutano, basi, ni namna ya kuuza na namna ya kukopesha. Tumeliandika kwa vipengele ili kila kikundi kilijadili kabla ya kuja.

La kwanza: madeni ya wanachama waliopoteza kazi kwa kufungwa kwa kambi yasifutwe, maana pesa hizo ni za wajane na wauza mboga wengine, lakini yasimamishwe riba kwa miezi 6, na kila mmoja apange upya malipo yake mbele ya kikundi. Aliyenunua ng'ombe asilazimishwe kumuuza kwa bei ya hasara.

La pili: kuanzia sasa, anayeomba mkopo wa biashara ataje wateja wake. Ikiwa mteja ni mmoja tu, awe kambi, shirika au kampuni, apewe nusu, na nusu nyingine apate akishaonyesha soko la pili. Kanuni hii inatuhusu sisi walimu pia tunaouza sare kwa shule moja.

La tatu: chama kiende kwa chifu wa kila mtaa ulio karibu na kambi, ya wenyeji au ya wageni, kuomba mambo yafuatayo yawekwe mezani na makamanda. Soko liwe mahali pa wazi, mchana, mbali na mlango wa kambi. Malipo yawe taslimu, na deni liandikwe katika daftari lenye sahihi mbili. Kazi za siku zitangazwe kwa chifu, ili mama asiombwe matabishi wala kitu kingine na mtu wa katikati. Na watoto wa shule, hasa wasichana, wasitumwe kuuza kambini, hata siku moja ambayo mama anaumwa. Siku hiyo jirani amuuzie.

La nne: cherehani 2 za chama zisikae zimefunikwa ofisini. Mama wa Sange aliyejifunza kambini amekubali kuwafundisha wenzake siku ya Jumamosi, akilipiwa usafiri tu.

Mkutano utakuwa Jumapili ijayo baada ya ibada na misa, mahali petu pa kawaida. Mama wa maziwa na mama wa kufua wa Sange wamealikwa kusema wenyewe, na tumewaahidi kwamba hakuna atakayepiga kura juu ya madeni yao kabla hajawasikiliza. Njooni na madaftari ya vikundi.